Vitundu Tisa

Meli ya Nyamisati ilifika Kilindoni imechelewa saa nzima, na gati lote lilikuwa na hasira. Wapagazi waligombania mizigo, mama mmoja alililia gunia lake la vitunguu lililokanyagwa, na pikipiki zilipiga honi mahali ambapo hata mguu haukuwa na pa kupita. Warda, fundi simu wa karibu na soko, aliona boksi alilolitazamia, akalichomoa chini ya magodoro ya watu, akalitia kwapani na kuondoka kabla hajasukumwa baharini.

Alipolifungua kibandani kwake hakukuta vioo vya simu alivyoagiza Dar. Alikuta mfuko wa rangi ya fedha, na ndani yake bodi kumi na mbili za kijani za kufungia vifaa vya umeme, kila moja ukubwa wa kiganja. Juu ya boksi paliandikwa jina na namba. Akapiga.

"Haloo. Wewe ndiye Isdory?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye mwizi wangu?"

"Mwizi nani? Si wewe uliyenichukulia vioo vyangu!"

"Dada, mimi nimefungua boksi nimekuta vioo thelathini vya simu. Nikasema labda Mungu anataka nibadilishe kazi."

Warda alitaka kukasirika, akashindwa. "Bodi zako za tabaka nne hizi," alisema. "Utazihitaji."

"Umejuaje kama ni nne?"

"Nimeimulika moja juani. Katikati kuna shaba, mwanga haupiti."

"Usiondoke hapo. Nakuja."

"Kibanda changu mwenyewe, niondoke niende wapi?"

Alikuja mbio, kijana mrefu mweusi wa Bukoba, shati jeupe limenyooshwa hata mistari inaonekana, raba zimejaa mchanga. Alimkuta binti wa miaka ishirini na saba, dera la samawati, ushungi wa waridi, na juu ya ushungi kioo cha kukuzia kimefungwa kwa mpira, kimeelekea mbinguni. Isdory alisahau salamu.

"Umekuja kuchukua bodi au kuniangalia?" Warda aliuliza.

"Kama naruhusiwa vyote viwili, sitakataa."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Isdory alikuwa mhandisi wa mradi mdogo uliotengeneza masanduku ya wito kwa zahanati za visiwa vya pembeni. Huko mtandao wa simu ni wa kuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Muuguzi angebonyeza kitufe na kusema, na sauti yake ingesikika kwa mpokeaji aliyekaa gatini Kilindoni, ilipofungwa boti ya wagonjwa. Masanduku ya kwanza yalikuwa mawili, moja la Jibondo, moja la Bwejuu. Isdory alitafuta mkono wa kumsaidia. Warda alikuwa amesomea umeme wa vifaa vidogo Dar kwa miaka miwili, akarudi kumuuguza mama yake, na mama alipofariki hakuwa tena na moyo wa kuondoka. Baada ya wiki moja alikuwa na meza yake katika ofisi ya mradi. Baada ya miezi miwili mji mzima ulijua kwamba wanapendana, ila wao wenyewe walidhani wanaficha.

"Umekula?" Isdory alikuwa akipiga simu saa saba mchana, naye yuko chumba cha pili.

"Sijala. Kwani wewe umepika?"

"Nimechemsha ndizi."

"Tena? Mtu wa Bukoba wewe, ipo siku utaota majani ya mgomba."

"Na wewe utaota mikono minane kwa pweza. Njoo ule, laazizi, zinapoa."

Suala la dini walilikwepa kama watu wanavyokwepa shimo la barabarani. Wanajua lipo, kila siku wanapita kando yake.

Ulipofika wakati wa kuchora bodi mpya, Isdory alimkabidhi Warda tabaka za ndani. Ilikuwa heshima kubwa, na Warda aliipokea kwa mikono miwili. Kazi yenyewe alimweleza hivi: juu na chini ya bodi zinapita njia za umeme. Katikati zimelala karatasi mbili za shaba, moja ya kuleta umeme na moja ya kuupokea unaporudi, ambayo mafundi huiita graundi. Vitundu vidogo vilivyopakwa shaba ndani vinatoboa bodi nzima na kuunganisha tabaka.

"Sasa angalia hapa," alisema, kidole chake kikigusa kioo cha kompyuta na bega lake likigusa bega la Warda. "Hii chipu ndiyo inayorusha sauti. Ikisema sana inachemka kama jiko. Chini ya tumbo lake kuna vitundu tisa. Vyote lazima vishike graundi, joto lishuke humo lipotee. Kitundu kikipita katikati ya shaba bila kuigusa, ni shimo tu."

"Sasa mtu atatoboaje kitundu kisiguse?"

"Kompyuta ndiyo inayoamua, kwa majina. Kitundu kikiwa na jina moja na shaba, inaviunganisha. Jina likitofautiana hata herufi moja, inakizungushia pete tupu ili visigusane. Haina akili, inatii tu."

Warda alichora siku tisa. Ijumaa mchana alikuwa amebaki peke yake ofisini, na Isdory alikuwa Kirongwe kwenye harusi ya ndugu wa dereva wa mradi. Simu haikutulia.

"Pilau inakwisha, Warda."

"Namalizia."

"Nimekuwekea nyama. Sasa kuna mzee anaitazama kwa macho mabaya."

"Namalizia, jamani!"

"Halafu nina neno la kukwambia. La ana kwa ana."

Kwenye kioo kompyuta ilikuwa imetoa orodha ya maonyo arobaini na moja. Warda aliyapitisha macho. Maandishi yamegusa mstari, alama imetoka ukingoni, maandishi yamegusa mstari tena. Yale yale aliyoyaona siku zote. "Neno gani?" aliuliza, akibonyeza kitufe cha kuyakubali yote. "Nidokeze basi." Kisha akauhifadhi mchoro, akamtumia Isdory, akajifunga ushungi mpya wa zari na kurukia pikipiki.

Kirongwe, nyuma ya ukumbi, huku ngoma zinalia, Isdory alimwambia neno lake. "Nataka nije kwenu. Nije na wazee. Hiyo dini tutakaa tuizungumze kama watu wazima." Warda alicheka, akalia, akajifuta kwa ncha ya ushungi, na pilau ikapoa bila mtu kuigusa. Jumapili Isdory aliutuma mchoro kiwandani.

Bodi zilirudi zinang'aa. Walizijaribu ofisini, kipoza hewa kikivuma. Isdory alisema maneno ya nusu dakika, sauti ikasikika safi gatini, watu wakapiga makofi. Masanduku yakafungwa Jibondo na Bwejuu kabla ya mwezi kuisha.

Bwejuu aliishi Shamsa, mtoto wa mama mkubwa wa Warda. Huyo ndiye aliyemwogesha Warda mdogo, aliyemsuka, aliyemfundisha kukaa na kanga. Alikuwa ameolewa na mvuvi, Mansuri, na kwa miaka sita alitafuta mtoto bila kupata. Mwaka ule Mungu alimpa. Warda alipokwenda kufunga sanduku, Shamsa, na tumbo lake la miezi saba, aliliangalia akasema, "Basi mimi mwaka huu sina wasiwasi. Mdogo wangu kanitengenezea mdomo wa kuitia watu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya Februari, saa nane mchana, jua la kukausha mate. Shamsa alipata uchungu, kisha damu ikaanza kutoka isiyo ya kawaida. Simu hazikushika. Faraja, muuguzi wa zahanati, alibonyeza kitufe akaita. Gatini mpokeaji hakuwepo mezani. Faraja aliendelea kuita, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuachia kitufe. Mpokeaji aliporudi mbio alisikia, "...mama anatoka damu nyingi, leteni boti haraka, hapa ni..." kisha mkoromo, kisha kimya.

Hapa ni wapi? Masanduku yalikuwa mawili. Wiki ile ile Jibondo walikuwa wamearifu kwamba wana mjamzito wa hatari. Nahodha hakusita, akageuza boti kuelekea Jibondo. Alipofika akaambiwa hapa hakuna mtu aliyeita. Mpaka anazunguka kurudi upande wa pili na kufika Bwejuu, jua lilikuwa limelala. Shamsa alipona. Mtoto, wa kiume, alizikwa kesho yake asubuhi, hakuwahi hata kulia.

Isdory alilichukua sanduku la Bwejuu akajifungia nalo siku mbili. Warda alikuwa msibani, anamsugua Shamsa miguu, anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Aliporudi Kilindoni alikuta kikao kimeitishwa katika uwanja wa ofisi: wakubwa wa mradi, Mansuri na ndugu zake, Faraja muuguzi, na watu wa mtaani waliojileta wenyewe.

Isdory alisimama. Shati lake siku hiyo halikunyooshwa.

"Kosa ni la bodi," alisema. "Vitundu vilivyo chini ya chipu ya kurushia sauti havikuunganishwa na graundi. Ofisini tulijaribu nusu dakika, chipu haikuwahi kupata joto. Siku ile muuguzi aliita muda mrefu, ikachemka, ikazima. Mhandisi ni mimi. Kosa ni langu."

Warda aliinuka. Siku tisa zile zilimjia zote. Kitundu kwa kitundu alivichora, na aliamini hivyo kama anavyoamini jina lake.

"Mimi nilivichora vikiwa vimeunganishwa," alisema mbele ya watu wote. "Uliugusa mchoro wangu?"

Isdory alimtazama. Alimtazama kwa muda, hata mkubwa mmoja akakohoa.

"Ndiyo," alisema. "Niliugusa."

"Uliugusa bila kuniambia?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani? Kwa sababu mimi ni fundi simu? Kwa sababu msichana wa kisiwani hawezi kuchora kitu kikaachwa kama kilivyo? Umemuua mtoto wa dada yangu, Isdory! Umemuua kwa kiburi chako!" Mansuri alianza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Warda alivua pete ndogo ya fedha aliyovishwa kwa siri siku ile ya Kirongwe, akaitupa mchangani. "Usije kwetu. Na wazee wako wasije."

Jioni ile ulimfikia ujumbe mmoja tu: *Naondoka na meli ya kesho. Kama kuna lolote unataka kuniuliza, niulize.* Aliufuta. Asubuhi alisikia honi ya meli akiwa kibandani, akaendelea kufungua skrubu za simu ya mtu.

Miezi minane ilipita. Mjini watu walimsifu: mwanamke jasiri, hakumficha hata mchumba. Sifa zile alizivaa, lakini zilimbana. Alimkasirikia Isdory asubuhi, akamkumbuka mchana, na mchana ndio uliomtesa zaidi, saa saba ilipofika na simu isilie.

Kisha mradi ukapata mhandisi mwingine, Clotilda, mama mtaratibu mwenye miwani. Alikuja mpaka kibandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa tabaka za ndani ulizichora wewe, na ulizichora vizuri kabla hazijaguswa. Una mchoro wako wa mwanzo? Nianzie hapo, nisirudie kazi."

"Ninao," Warda alisema kwa fahari. Faili lilikuwa kwenye kompyuta yake ya mpakato, na tarehe yake: Ijumaa ile, dakika chache kabla ya kurukia pikipiki. Hakuwa amelifungua tangu siku hiyo. Alilifungua mbele ya Clotilda, akazima tabaka la juu, akazima la chini, akaiacha graundi peke yake kama uwanja mwekundu. Akakuza katikati, mahali pa chipu.

Palikuwa na vitundu tisa. Kila kimoja kilizungukwa na pete nyeusi, tupu.

"Hizi..." Clotilda alianza.

Warda alibonyeza kitundu kimoja. Shaba ilikuwa na jina moja, kitundu kilikuwa na jina lile lile lililozidi namba 2 mwishoni. Jina la bodi ya zamani, lililobaki aliponakili vitundu. Akafungua orodha ya maonyo. La thelathini na tatu, kati ya maandishi yaliyogusa mistari, lilisema wazi kwamba vitundu tisa havijaunganishwa na chochote. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya kijani: *limekubaliwa*.

Clotilda alivua miwani. Alikuwa mwanamke mwenye busara. Aliaga, akasema atarudi siku nyingine.

Namba ya Isdory ilikuwa ile ile. Alipokea simu kabla mlio wa pili haujakwisha.

"Warda."

"Hukuugusa."

Warda akafunga mlango wa kibanda.

"Isdory, hukuugusa mchoro wangu. Niambie."

"Sikuugusa."

"Sasa kwa nini ulisema..."

"Ungetaka niseme nini, mbele ya Mansuri? Wewe ndiye unayeishi hapo. Shamsa ni dada yako, mimi nina meli ya kuondokea. Halafu sikusema uongo wote. Kazi ya kuukagua ilikuwa yangu. Jumamosi nzima mchoro ulikuwa kwangu, sikuufungua. Nilikuwa nafikiria mahari."

Warda alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati la vioo. "Ungeniambia mimi. Faraghani. Umeniacha miezi minane natembea mjini kichwa juu. Leo nilikuwa naenda kuutoa mchoro ule ule watengeneze bodi nyingine! Unajua? Ungenificha mpaka nimuue na wa pili."

"Nilikusubiri uniulize," alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilidhani mtu anayenijua atakuja hata saa moja, atafunga mlango, aseme, Isdory, ni kweli? Nilikesha usiku ule na simu mkononi. Ungeniuliza ningekwambia."

"Niliumia."

"Najua. Na mimi."

"Rudi," Warda alisema. Hakujua kama atalisema mpaka lilipotoka. "Rudi, laazizi. Nitasema mbele ya watu wale wale. Nitaitafuta ile pete mchanga wote."

Alisikia anavuta pumzi. Nyuma yake, huko Bukoba, jogoo aliwika na mtu akaita jina lake.

"Kila nikikukumbuka," alisema polepole, "nakukumbuka umesimama. Nimejaribu nikukumbuke umekaa, unacheka, na ule mpira kichwani. Sifiki huko. Naanzia pale uwanjani, naishia pale pale. Siwezi kumuoa mtu wa hivyo, Warda. Si kwamba sikupendi."

Warda aliinuka sakafuni, simu bado sikioni.

"Naenda kumwambia Shamsa," alisema mwishowe.

"Usiende! Basi niliyoyafanya yote ni bure. Achana nayo. Ameshanichukia mimi, imetosha."

"Ndiyo maana naenda."

Alikwenda kesho yake kwa boti ya wauza maji. Shamsa alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anachambua dagaa, kanga moja imefungwa kifuani na nyingine kichwani. Alifurahi kumwona mdogo wake, akataka kuinuka kumtengea chai. Warda alimkataza. Aliketi mbele yake, akaeleza yote bila kujitetea: jina lililozidi namba, orodha ya maonyo, kitufe, pilau. Pilau ndiyo iliyomwia vigumu kuitaja.

Shamsa hakumkatiza. Mikono yake iliendelea kuchambua dagaa muda mrefu baada ya maneno kwisha, kichwa huku, mwili huku.

"Yule kijana alikuja hapa," alisema. "Kabla hajapanda meli. Alipiga magoti pale ulipokaa, kaniomba radhi. Nilimmwagia maji ya samaki. Nikamlaani, Warda. Nikamwambia asizae." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nipigie namba yake."

Mtandao siku hiyo ulikuwepo. Warda alipiga, akampa simu.

"Isdory? Mimi Shamsa wa Bwejuu." Alisikiliza kidogo. "Hapana, usiseme kitu wewe. Sikiliza mimi. Lile neno nililokutamkia nimeliondoa. Nimeliondoa lote, Mungu shahidi yangu. Uoe, uzae, ulee." Akasikiliza tena, akitikisa kichwa. "Amina. Na wewe."

Akakata simu bila kumrudishia Warda azungumze, akaiweka mkekani katikati yao. Kuku walisogelea dagaa, hakuna aliyewafukuza.

"Na mimi, dada?" Warda aliuliza.

Shamsa alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aambiwe. Macho yalikuwa makavu, ya mtu aliyekwisha kulia zamani.

"Wewe bado," alisema, akavuta ungo, akaendelea kuchambua.